Hukumu Masikioni: Namna Mfanya Kazi Anavyoweza Kusikiliza Maneno ya Korti

(Mazungumzo ya Katibu wa Elimu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Nimepewa nusu saa, nami nitaitumia kwa jambo moja tu. Nataka tuzungumze namna mfanya kazi wa kawaida, asiyekuwa wakili wala karani wa korti, anavyoweza kujua majaji wamesema nini juu ya kazi yake na mshahara wake, akalijua jambo hilo kwa masikio yake mwenyewe, wala si kwa uvumi wa penye lango la kiwanda.

Wazee walisema, sikio halilali na njaa. Habari ya korti itakufikia tu, upende usipende. Utaisikia ndani ya matatu, utaisikia kwa kinyozi, utaisikia hotelini ukinywa chai. Taabu ni kwamba hukufikia imekwisha katwa kichwa na miguu. Unaambiwa "tumeshinda" au "tumeshindwa", basi. Hukumu yenyewe huweza kuwa na kurasa mia, tena kwa Kiingereza cha mawakili, nayo haisomwi na yule ambaye unga wa watoto wake unategemea maneno hayo.

MAKATO YA NYUMBA

Tuchukue mfano ambao kila mmoja wetu aliuona kwenye karatasi yake ya mshahara. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta makato ya nyumba: asilimia 1.5 ya mshahara mzima, na mwajiri naye atoe kiasi hicho hicho. Mtu wa shilingi 30,000 akakatwa shilingi 450 kwa mwezi. Mambo yakapelekwa Mahakama Kuu, na tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wakasema makato yale hayapatani na Katiba.

Habari ikaenea upesi kwamba makato ya nyumba yamekufa. Watu wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mshahara wa Desemba ulipofika, makato yalikuwa pale pale. Mtu aliyesikia neno moja tu, "yamekufa", angekwenda kugombana na karani wa mishahara na kumwita mwizi. Karani hakuiba kitu. Siku ile ile ya hukumu serikali iliomba amri ile isianze kazi mara moja, na majaji wakakubali makato yaendelee mpaka tarehe 10 Januari 2024. Ni Mahakama ya Rufani, tarehe 26 Januari 2024, iliyokataa kuendelea kuyalinda. Basi, ndugu zangu, aliyesikiliza hukumu mpaka mwisho alijua jambo ambalo aliyesikia kichwa cha habari hakulijua: kwamba korti inaweza kusema "hili ni kosa" na papo hapo ikasema "lakini ngojeni kidogo".

Liko jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Majaji wale hawakusema kwamba serikali haiwezi kamwe kukata mshahara kwa ajili ya nyumba. Walitoa sababu zao. Walisema makato yale hayakuwa na msingi kamili wa sheria, na tena yaliwabebesha mzigo watu wa mishahara peke yao na kuwaacha wengine bila ya sababu ya haki. Mwenye kusikia sababu hizo angejua kwamba mlango haukufungwa. Sheria nyingine ingeweza kuletwa, yenye msingi wake na yenye kuwagusa wote. Na ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, ikawaingiza hata wasiokuwa na mwajiri, na makato yakarudi.

Kabla sheria ile haijapita, Bunge lilitaka maoni ya wananchi. Huo ndio uliokuwa wakati wa mfanya kazi kusema neno lake. Aliyedhani jambo limekwisha hakuona haja ya kwenda kusema. Kwa hivyo tusiseme kwamba hukumu ni mambo ya mawakili. Asiyejua sababu za hukumu hupitwa na wakati wa kujitetea, wala hajui kwamba amepitwa.

PODIKASTI NI KITU GANI

Vijana wanajua, lakini nitaeleza kwa faida ya wote. Podikasti ni kipindi kama cha redio, ila hakingoji saa yake. Redio ikisema saa tatu usiku nawe uko zamu, umekosa. Podikasti huwekwa kwenye intaneti, ukaipakua kwenye simu yako, ukaisikiliza unapotaka: njiani kwenda kazini, ukifua nguo, ukilinda ghala usiku. Ukichoka unaisimamisha. Usipofahamu neno unairudisha nyuma ukasikiliza tena mara tatu. Wakili wa kulipwa kwa saa hatakurudia mara tatu bure.

Gharama yake si kubwa. Saa moja ya sauti hula kama megabaiti 30 hadi 60, na ukipakua mahali penye waifai haili bando lako hata kidogo. Picha za video hula mara nyingi zaidi, na katika mambo ya hukumu picha haina kazi. Maneno ndiyo yenye kazi.

Sauti za mambo ya korti ziko za namna tatu, na yafaa tuzitenge kama mtu anavyotenga mchele na chuya. Ya kwanza ni sauti ya korti yenyewe, majaji na mawakili wakisema. Ya pili ni hukumu ikisomwa na mtu neno kwa neno, bila ya kuongeza wala kupunguza. Ya tatu ni maelezo, yaani mawakili, walimu wa sheria au watu wa magazeti wakieleza maana ya hukumu kwa fikira zao.

WENGINE WAMEFIKA WAPI

Marekani, Mahakama Kuu ya nchi ile ilianza kurekodi mabishano ya mawakili mwaka 1955. Kwa muda mrefu kanda zile hazikuwa kitu cha mtu wa kawaida kuzisikia. Tangu mwaka 2010 sauti za kila juma zilianza kuwekwa kwenye intaneti mwisho wa juma lile, na mwezi wa Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, majaji waliposikiliza kesi kwa simu, wananchi nao wakaruhusiwa kusikia papo hapo. Siku hizi kuna vipindi vingi vya podikasti nchini humo vinavyosoma hukumu nzima na vingine vinavyozichambua.

Nitawapa mfano wa kesi moja ya huko, maana inahusu mgomo. Mwezi wa Agosti 2017, katika jimbo la Washington, madereva wa malori ya kubeba zege, wanachama wa chama cha Teamsters, waligoma wakati malori mengine yamekwisha jazwa zege mbichi. Zege haingoji mtu, ikikauka inaharibika. Kampuni, jina lake Glacier Northwest, ikakishtaki chama ilipwe hasara. Mabishano yalisikizwa tarehe 10 Januari 2023, na tarehe 1 Juni 2023 majaji wanane kati ya tisa wakasema kampuni inaweza kuendelea na mashtaka yake katika korti ya jimbo, maana kwa maelezo ya kampuni chama hakikuchukua hadhari ya kutosha kuzuia hasara ile iliyojulikana itatokea. Jaji mmoja, Ketanji Brown Jackson, alikataa, akaandika fikira zake peke yake.

Sasa angalieni jinsi maelezo yalivyogawanyika. Wako waliosema haki ya kugoma imetobolewa. Wako waliosema hukumu ile ni nyembamba, inagusa namna migomo michache tu inavyoanzishwa, na haki ya kugoma imebaki. Mwenye kusikiliza maelezo ya upande mmoja tu angeondoka na hofu tupu, au na raha tupu. Mwenye kusikiliza hukumu yenyewe, na maneno ya yule jaji mmoja, angeweza kupima kwa akili yake. Tena tukumbuke kwamba hukumu ya Marekani haitufungi sisi Kenya. Twaisikiliza kwa kujifunza, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenziwe.

HAPA KWETU

Hatuko nyuma kama tunavyofikiri. Kesi za uchaguzi wa Rais katika Mahakama ya Juu, mwaka 2013, 2017 na 2022, zilitangazwa papo hapo, na watu walisikiliza madukani na vituoni. Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu walisoma hukumu yao juu ya mpango wa kubadili Katiba, na usomaji uliendelea kwa saa nyingi, nao watu wakasikiliza. Kama mwuza mboga aliweza kufuata maneno ya kubadili Katiba, hawezi kushindwa na maneno ya malipo ya kufukuzwa kazi.

Hukumu zilizoandikwa, zikiwamo zile za Mahakama ya Kazi na Uhusiano wa Kikazi, huwekwa bure na Baraza la Taifa la Kuchapisha Sheria kwenye mtandao wake wa Kenya Law. Hutakiwi kulipa. Na kama hakuna aliyesoma hukumu unayoitaka katika podikasti, simu nyingi za leo zina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti. Sauti yake ni kavu kama ya karani mwenye usingizi, lakini inasoma. Wako wenzetu ambao macho yao yamechoka, au ambao hawakupata shule ya kutosha. Hao wote sasa wanaweza kuisikia hukumu.

Imebaki lugha. Katiba ya mwaka 2010 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la mwenendo au kwa kutoweza kazi, lazima amweleze sababu katika lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenziwe au mwakilishi wa chama awepo asikie. Basi kama sheria inamtaka mwajiri aseme lugha inayofahamika, sisi viongozi wa chama hatuna udhuru wa kuwaachia wanachama hukumu za Kiingereza bila ya kuzieleza.

MASWALI MATANO

Unaposikiliza hukumu au maelezo yake, shika kalamu, ukajibu maswali haya matano.

Kwanza, ni korti gani iliyosema, na tarehe gani? Mwaka 2015 walimu walipewa na korti ya kazi nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Ilikuwa tarehe 30 Juni. Tarehe 6 Novemba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu ile, ikasema ushauri wa Tume ya Mishahara lazima ufuatwe. Katikati yake walimu waligoma, shule zikafungwa. Mtu atakayekuletea leo sauti ya Juni 2015 akakwambia "sikia walivyoshinda", hakusema uwongo, lakini amekupa kalenda iliyokwisha.

Pili, korti iliulizwa nini hasa? Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi za wafanya kazi waliokuwa wakichuja mambo machafu ya Facebook hapa Nairobi, karibu watu 185 katika moja yake. Kampuni ya Meta ilisema haiwezi kushtakiwa Kenya. Majaji wakasema inaweza. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukuwa hukumu ya malipo. Lililoamuliwa ni kama mlango uko wazi. Yaliyomo ndani ya nyumba yalikuwa bado kusikizwa.

Tatu, sababu ni zipi? Hapa ndipo penye nyama. Tumeona katika makato ya nyumba.

Nne, amri ni zipi, na zinaanza lini? Maneno mazuri ya jaji katikati ya hukumu si amri. Amri hukaa mwishoni, na mwisho ndipo wengi huzima simu.

Tano, je, kuna rufani? Na je, kuna jaji aliyekataa, na alikataa kwa nini?

Mtu akijibu maswali haya matano kwa mistari mitano, amekwisha kuwa na habari kamili ya kuwaletea wenziwe.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Msije mkadhani nimekuja kuuza simu. Yapo mambo manne ya kuangaliwa.

Jambo la kwanza, ujue anayesema ni nani na analipwa na nani. Wakili wa waajiri ana haki ya kuwa na kipindi chake, na mara nyingi hujua sheria vizuri sana, msikilize. Lakini ujue ameketi upande gani wa meza. Wazee walisema kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Jambo la pili, siku hizi mashine zinaweza kutengeneza sauti ya mtu ambaye hakusema neno. Ukiletewa kwa simu sauti ya dakika moja inayodaiwa ni ya jaji, usiitawanye mpaka umeona hukumu yenyewe. Na korti zetu zisikize wenyewe walioruhusiwa. Usiingie kwenye kesi, hata ile isikizwayo kwa video, ukaanza kurekodi bila ya idhini ya jaji. Utatafutiwa kosa bure.

Jambo la tatu, kesi mbili hazifanani kama mapacha. Mwenzako alilipwa mshahara wa miezi 12 kwa kufukuzwa bila haki. Usidhani nawe utalipwa 12. Hicho ndicho kiasi cha juu ambacho sheria inaruhusu kwa fidia ya namna hiyo, na jaji hutazama mambo mengi kabla ya kukifikia.

Jambo la nne ndilo lenye kuumiza watu. Sheria ya Kazi imeweka muda wa miaka mitatu wa kupeleka madai yanayotokana na mkataba wa kazi, na kwa madhara yenye kuendelea ni miezi 12 tangu yalipokoma. Muda huo haukungojei umalize kusikiliza vipindi. Mtu amefukuzwa kazi, anakaa nyumbani akisikiliza maelezo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na siku anapofika kwenye ofisi ya chama saa imekwisha pita. Podikasti inakufungua masikio, lakini haiandiki madai. Ukifukuzwa, njoo kwenye chama kwanza, usikilize baadaye.

TUFANYE NINI

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa maombi kwa mkutano huu. Zamani watu walikusanyika penye redio moja, mmoja akifasiri, wengine wakiuliza. Hatuna sababu ya kuacha desturi hiyo kwa kuwa kila mtu ana simu yake mfukoni. Kila mtu na simu yake ni kila mtu na fahamu yake, na mwajiri hukutana nasi kwa fahamu moja.

Naomba tawi liwe na saa moja kila juma la pili ya kusikiliza pamoja. Mmoja apakue hukumu au maelezo kwa waifai ya ofisi ya chama. Tusikilize dakika 20, tusimamishe, anayejua Kiingereza afasiri, na mwakilishi wa kila idara aandike majibu ya maswali matano. Tuanze na hukumu za kupunguzwa kazi, maana neno hilo liko mlangoni mwetu. Sheria yataka chama na afisa wa kazi wapewe habari si chini ya mwezi mmoja kabla, na mwenye kupunguzwa alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Maneno hayo ni machache, lakini korti zimeyaeleza mara nyingi: habari ya namna gani, mashauriano ya namna gani, nani achaguliwe kwa kipimo gani. Wawakilishi wetu wasikie majaji wakiyaeleza kabla ya siku ya kuketi mezani, si baadaye.

Na mwisho, wale vijana wetu wenye ujuzi wa simu waanze kurekodi kwa Kiswahili chetu maelezo ya dakika 10 ya kila hukumu tuliyoisikiliza, wayatume kwa wanachama wa zamu ya usiku na wale walio mashambani. Sauti isiyo nzuri haina neno. Kinachotakiwa ni tarehe sahihi, jina la korti, sababu, na amri.

Wale wanaokubali waandikishe majina kwa karani wa tawi kabla ya kutoka. Saa ya kwanza ya kusikiliza itakuwa Jumamosi, baada ya malipo ya mwisho wa mwezi. Kila mtu aje na kalamu, na aliye na karatasi yake ya mshahara aje nayo.